Muuaji Akipewa Nafasi ya Kusema

Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokuwa ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa hadi kufa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, mkazi wa Bukombe. Wakati ule Bukombe ilikuwa bado Shinyanga. Leo imo Mkoa wa Geita, mkoa uliozaliwa rasmi mwaka 2012. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini, baada ya mauaji ya miaka miwili yaliyotia hofu Kanda ya Ziwa nzima. Mahakama iliuliza nani alikuwepo, silaha ilikuwa ipi, vielelezo vilipatikana wapi, na kama washtakiwa walikusudia kuua. Sheria ikishathibitisha kusudio, inaweka kalamu chini. Haina sababu ya kufuatilia mtu alijiambia nini jioni alipokuwa akinoa panga, alimjibu nini mkewe alipoulizwa anaelekea wapi, au alijionaje asubuhi alipokaa kunywa uji na watoto wake. Mambo hayo ni kazi ya mshairi, na ndiyo mada yetu: ushairi unaomwachia mhalifu aseme mwenyewe, na unachotufunulia kuhusu akili yake.

Mwezi Machi mwaka huohuo Serikali ilikuwa imewaomba wananchi wapige kura ya siri na kuwataja wanaowashuku kwa mauaji haya. Watu waliandika majina. Kura ile ilikuwa na faida zake na hatari zake, lakini hata ikiwa kila jina lililoandikwa lilikuwa la kweli, jina haliwezi kutuambia mtu alipitia njia gani moyoni hadi akafika pale. Tumezoea kujibu swali hilo kwa neno moja: mnyama, shetani, katili. Nasema majibu hayo yanatustarehesha bure. Shetani hana jirani, hana shemeji, hadaiwi ada ya shule. Aliyeua Bukombe alikuwa navyo vyote hivyo. Mshairi anayemchora mhalifu vizuri humpa akili timamu, adabu ya mazungumzo na sababu zinazofanana sana na zetu, kisha anatuacha tumsikilize mpaka tutambue ni wapi hasa sababu zile zimepinda. Kiswahili tayari kina ushairi wa namna hiyo, na kanda hii ya machimbo ya dhahabu ina haja nao kuliko ushairi wa kulaani, ambao tunao wa kutosha.

Tuanze na kitabu ambacho wengi wenu mmekiona. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuirekebisha, safari hii kwa jina la Juliasi Kaizari. Aliifasiri kishairi, kwa mistari isiyo na vina, akiwa kiongozi wa nchi. Ndani yake yumo Brutus, mtu mwema anayeheshimiwa na mji mzima, ambaye usiku mmoja anabaki peke yake bustanini akijishauri kumuua rafiki yake. Jinsi anavyofikiri ni jambo la kutisha kwa utulivu wake. Anakiri kwamba hana ugomvi binafsi na Caesar. Anakiri pia kwamba hajawahi kumwona Caesar akiacha tamaa itawale busara yake. Kwa maneno mengine, mshtakiwa hana kosa. Lakini Caesar akivikwa taji, anajiambia Brutus, huenda akabadilika. Basi na ahesabiwe kuwa ni yai la nyoka, auawe kabla hajaanguliwa. Zingatieni kwamba hukumu imekwisha kutolewa na hakuna tendo lolote lililotajwa. Mtu anakufa kwa ajili ya jambo ambalo bado hajalifanya, na anayeamua hivyo anajiona mlinzi wa watu.

Sasa ihamishieni akili hiyo kwenye mauaji ya vikongwe, msiba wa Usukuma ulio wa zamani kuliko ule wa ualbino. Kuna bibi ambaye amepikia maisha yake yote kwenye kibanda kisicho na dirisha, kwa kuni zinapopatikana na kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe zinapokosekana. Moshi wa miaka hamsini umeyafanya macho yake mekundu. Mtoto wa jirani anaugua, mpiga ramli anaulizwa, na macho yale yanakuwa ushahidi wa uchawi. Wanaokaa usiku kuamua hawasemi kwamba wanataka kuua. Wanasema wanalinda watoto waliobaki. Hata Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka upande wa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na ambalo lilirudisha usalama ambao dola ilikuwa imeshindwa kuurudisha, katika baadhi ya vijiji liliwageukia wanawake wazee kwa hoja hiyohiyo ya ulinzi. Brutus angekaa vizuri kabisa katika kikao kile. Angewaambia wenzake, kama anavyowaambia wale wa Roma, kwamba wao ni watoa kafara, wasijihesabu kuwa wachinjaji. Kafara! Mtu wa machimboni hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Shakespeare hakuijua Geita, lakini alijua kwamba muuaji mwenye heshima zake hutafuta kwanza jina safi la tendo lake.

Tafsiri ya pili ilitoka mwaka 1968: Makbeth, tamthilia nyingine ya Shakespeare, iliyofasiriwa na Samuel Mushi. Huyu Macbeth anatufaa zaidi, kwa sababu safari yake inaanzia kwenye utabiri. Wachawi wanamwambia atakuwa mfalme. Hawamwambii aue, hiyo hesabu anaifanya mwenyewe. Na anapoifanya, mshairi anamwekea mdomoni jambo ambalo hakimu hawezi kulipata kwa mahojiano yoyote: Macbeth anaizungumzia azma yake kwa kuzungukazunguka, akisema juu ya "jambo hilo", likifanyika, likiisha, huku neno lenyewe la kuua akilikwepa kadiri awezavyo. Halafu anaorodhesha sababu zote za kutofanya. Mfalme Duncan ni ndugu yake. Ni bwana wake. Ni mgeni aliyelala chini ya dari yake, na mwenyeji ndiye anayepaswa kumfungia mlango mwenye kisu, si kukishika mwenyewe. Zaidi ya hayo, Duncan ni mpole. Upande wa pili wa mizani kuna kitu kimoja tu, tamaa yake. Anazijua sababu zote na bado anakwenda. Hapa ushairi unapinga imani tuliyoikumbatia kwa muda mrefu, kwamba muuaji ni mtu ambaye hakuambiwa, na kwamba akiambiwa ataacha. Macbeth amejiambia yote, tena kwa ufasaha kuliko mhubiri yeyote.

Baada ya tendo, anarudi na mikono yenye damu, na kinachomsumbua kwanza ni kwamba aliwasikia watu wakiomba Mungu awabariki, naye akashindwa kuitikia amina. Anashangaa kweli. Anahisi kwamba yeye ndiye aliyehitaji baraka zaidi, na koo likamkaba. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo ushairi umeigusa akili ya mhalifu kwa karibu namna hii: mtu aliyetoka kuua anataka bado kuhesabiwa miongoni mwa waumini, na anajihurumia kwa kunyimwa. Baadaye anarudi kwa wachawi kutafuta kinga, anapewa maneno ya mafumbo kwamba hatadhurika, anayavaa kama hirizi na kuingia nayo vitani. Msomaji wa Kahama akifika hapo anajua kabisa anasoma nini.

Lakini, mtasema, hao ni wakuu wa Roma na Scotland. Muuaji wa huku kwetu ni kijana maskini aliyelipwa. Ana nini cha kufanana na majemadari? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake limo ndani ya Makbeth yenyewe, katika sehemu ambayo wasomaji huipita haraka. Macbeth anapotaka jemadari mwenzake Banquo auawe, anawaita watu wawili waliochoka na maisha. Kabla ya kuwapa kazi anawafundisha nani wa kumchukia: umaskini wenu wote, anawaambia, umetoka kwa yule. Nao wanajibu kwa maneno machache ya watu waliopigwa na dunia kiasi kwamba hawajali tena watafanya nini ili kuikomoa. Huo ni ufundi wa mpiga ramli chonganishi, neno kwa neno. Mteja anakuja na shida isiyo na sura, ng'ombe wamekufa, duara la kuchimbia dhahabu limejaa maji, na anaondoka na sura ya jirani yake. Mshairi amewapa wauaji wale wa kukodiwa mistari michache tu, na uchache huo ni sahihi: mwenye hoja ndefu ni yule aliyewatuma.

Tukaeni kidogo kwenye duara, maana humo kuna mambo ambayo mshairi wa Geita angeyapata asipotumia macho ya mgeni. Kuchimba Nyarugusu, Mgusu au Rwamagasa ni kutoa fedha muda mrefu kabla ya kuona chochote. Mwenye duara analisha vijana, ananunua matimba ya kushikilia kuta zisiporomoke, anakodi pampu, anatafuta mafuta ya pampu, na kila siku shimo linaingia chini zaidi. Mwamba ukipatikana, mawe yanagawanywa kwa mifuko, yanakwenda karasha kusagwa, yanaoshwa, yanachanganywa na zebaki, na mwishowe punje iliyobaki inaweza kutoshea chini ya ukucha. Jirani yake, hatua ishirini tu kutoka hapo, amepiga mwamba wenye mali na amenunua gari. Udongo ni uleule, jua ni lilelile, jasho ni lilelile. Swali la kwa nini yeye na si mimi halina jibu katika jiolojia anayoijua mchimbaji mdogo. Mahali pa swali hilo ndipo alipokaa mganga. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema, wakati huo akiwa BBC, alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akawaendea waganga wa Kanda ya Ziwa, na wako waliomweleza waziwazi dawa gani inahitajika na kwamba inatokana na viungo vya watu wenye ualbino. Mazungumzo yalikuwa ya kibiashara. Bei, muda, malipo ya awali. Mshairi akiyatunga upya mazungumzo yale kwa kinywa cha mteja, hahitaji kuongeza vitisho. Amwache tu ahesabu gharama: mafuta ya pampu kiasi hiki, matimba kiasi hiki, dawa kiasi hiki. Kuweka uhai wa mtoto katika orodha moja na mafuta ya dizeli kutasema yote, na msemaji mwenyewe hatajua kwamba amesema.

Wako watakaoona kwamba huu ni utunzi wa kigeni, kwamba mapokeo yetu hayamwachii mwovu maikrofoni; mtunzi wa tenzi husimama juu ya kisa na kuhukumu. Hilo si kweli kwa utenzi ulio mkubwa kuliko zote kwa jambo hili. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliutunga Utendi wa Fumo Liyongo. Shujaa Liyongo hauawi na adui. Anauawa na mwanawe, aliyenunuliwa na mfalme wa Pate kwa ahadi ya cheo na mke. Kijana anamuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua, na baba, aliyekwisha kuhisi kwamba mtoto ametumwa na anadanganywa, anamjibu hata hivyo: sindano ya shaba kitovuni. Kijumwa hakimbilii mauaji. Kijana ana sindano tayari, baba amelala, na mkono unaogopa. Siku zinapita. Mfalme anaandika kumhimiza. Ni katika ucheleweshaji ule ndipo tunapomfahamu muuaji. Ana mapenzi ya kumwogopesha asifanye, hana mapenzi ya kumfanya aseme hapana. Na alipomaliza, ahadi aliyouziwa haikumfaa kitu. Kijumwa anahukumu, bila shaka, lakini hukumu yake inakuja baada ya kutulaza chumba kimoja na yule kijana. Akumbukwe hapa pia yule anayeuawa Usukuma kwa sababu ya shamba. Katika mauaji mengi ya vikongwe, chini ya tuhuma za uchawi kulikutwa mgogoro wa urithi, na walioajiri wakata mapanga walikuwa ndugu, wakati mwingine watoto wa kuwazaa.

Pingamizi zito zaidi ni la wale walioumia. Kwa nini muuaji apewe ushairi, wakati waliouawa hawakupewa hata kaburi la amani? Pale kituoni Buhangija, Shinyanga, watoto wenye ualbino walikusanywa ili walindwe, wakalelewa mbali na mama zao. Nani atawaambia kwamba ni zamu ya mwenye panga kusema? Siwezi kulipuuza hili, na nakubali kwamba shairi ambalo aliyeuawa hayumo ni shairi bovu. Lakini mshairi hodari anajua namna ya kumwingiza. Banquo aliyeuawa anarudi katika karamu na kukaa kwenye kiti cha Macbeth. Wageni wengine hawamwoni, muuaji anamwona, na tangu hapo kila anachosema kinamjibu marehemu. Mteja wetu wa machimboni, katikati ya hesabu yake ya dizeli na matimba, anaweza kuteleza akataja kofia pana ya mtoto, au chupa ya mafuta ya kujikinga na jua iliyobaki dirishani ikiwa nusu. Hakukusudia kuitaja. Akili yake ndiyo iliyoshindwa kuifukuza. Kuteleza huko kunamrudishia mtoto ubinadamu wake kwa nguvu kuliko beti kumi za kulia, kwa sababu kumetoka kinywani mwa mtu ambaye maslahi yake yote ni kumsahau.

Wengine wanaogopa kwamba ushairi wa namna hii unafundisha uhalifu. Uingereza walilipitia hilo. Mshairi Carol Ann Duffy alikuwa ameandika, katika miaka ya 1980, shairi linalosemwa na kijana asiye na kazi ambaye anaua wadudu na wanyama wadogo kisha anatoka nyumbani na kisu. Mwaka 2008, wakati nchi ilikuwa na hofu ya vijana wenye visu, bodi ya mitihani ya AQA ililiondoa katika kitabu cha shule. Duffy alijibu kwa shairi jingine lililowakumbusha ni visu vingapi vimo katika Shakespeare wanayemfundisha kila mwaka, na mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa mshairi wa taifa. Nakubaliana naye, na nina sababu ya kwetu. Hakuna aliyeua Geita kwa kusoma shairi. Mawazo yaliyoua yalipita kwa kunong'ona: kwa mganga, kwenye kilabu cha pombe, chini ya turubai la machimboni. Yalipita hivyo kwa sababu hayakuwahi kusemwa mbele ya watu wanaoweza kuyapinga. Serikali iliwapiga marufuku waganga mwaka 2009, ikawapiga marufuku tena Januari 2015 baada ya mtoto mwenye ualbino kuibwa Kwimba Desemba 2014, na bado mwingine akaibwa Geita Februari 2015. Kurudiwa kwa amri kunaonyesha kwamba unong'ono ulikuwa umeendelea. Shairi huuleta unong'ono jukwaani, kwa sauti kamili, mbele ya hadhira.

Kuhusu umbo, nina maoni yangu. Mshairi Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 alifungua mlango wa mashairi huru, na msemaji mhalifu anaweza kunufaika na uhuru huo wa kukatakata maneno, kusita na kurudi nyuma. Hata hivyo nisingevitupa vina. Mtu anayejitetea hupenda maneno yake yapangike. Kina kinachotua mahali pake kila mara humfanya ajione ana haki, na mshairi anaweza kuutumia utulivu huo, kisha kuuvunja mahali pamoja tu, pale kofia ya mtoto inapotajwa. Na huku Usukuma kuna manju, watunzi wa nyimbo za ngoma. Mashindano ya ngoma ya makundi ya Bagika na Bagalu yamewalea watunzi wanaojua kushika maelfu ya watu kwa nyimbo za kejeli. Ufundi wao umezoea kumsuta mpinzani kutoka nje. Kumvaa, kusema "mimi" kwa niaba yake bila kukonyeza hadhira, ni kazi nyingine, na wanaoweza kuifanya wapo.

Msemaji wa shairi hilo asiwe mwenye panga. Waliosimama kizimbani Kahama mwaka 2009 walikuwa wale waliofika kwenye nyumba ya mtoto. Bei zilizokuwa zikitajwa za viungo zilifika mamilioni ya shilingi, fedha ambazo kijana wa kuteremka shimoni hana, na hapo ndipo hoja kwamba yote haya ni umaskini na kutosoma inapokosa nguvu. Yupo aliyelipa. Mnunuzi huyo hajasikika karibu popote, na kwa kuwa hakuhojiwa, hajalazimika kujieleza kwa mtu yeyote. Mshairi amwite. Amkalishe kwenye kiti chake Katoro au Kahama mjini, simu mbili mezani, amwache azungumze juu ya bahati, juu ya vijana anaowapa ajira, juu ya mchango wake wa ujenzi wa nyumba ya ibada, na asimkatishe. Na aanze kumtunga kwa Kisukuma, kabla ya Kiswahili, kwa sababu wengi wa wale wanaoweza kuitambua sauti hiyo wameisikia kwa lugha hiyo.